Magadi ya Ziwa Kivu na Mapato ya Bustani za Minova

Biashara ya mazao ya Minova, mji mdogo wa wilaya ya Kalehe katika Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imejengwa juu ya mahitaji ya Goma, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja ambalo sehemu kubwa yake imekaa juu ya mawe ya lava yasiyokubali jembe kwa urahisi. Maharage, mihogo, ndizi, vitunguu na kabichi hushuka kutoka milimani hadi ukingo wa Ziwa Kivu, na vita vilipoifunga barabara ya Sake mwaka 2024, mzigo wote ulihamia majini, kwa gharama ambayo ajali ya boti ya tarehe 3 Oktoba mwaka huo, iliyoua abiria wengi karibu na bandari ya Kituku, iliionyesha kwa uchungu. Katika mazingira hayo, ambamo kila gunia linalofika sokoni limelipiwa ghali, hasara inayoanzia bustanini kwenyewe, pale mazao yanapomwagiliwa kwa maji ya ziwa, inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka.

Maji ya Kivu si ya chumvi kwa maana ya bahari, lakini si matamu kabisa pia. Lita moja ya maji ya juu ya ziwa hubeba takriban gramu 1 ya madini yaliyoyeyuka, ilhali lita ya maji ya bahari hubeba gramu 35; na madini hayo, yatokanayo na miamba ya volkano na chemchemi za chini ya ziwa, kwa sehemu kubwa ni bikaboneti za sodiamu, magnesiamu na potasiamu, hivyo maji yana tabia ya magadi kuliko ya chumvi ya jikoni.

Mzizi hunywa kwa sababu utomvu wake una chumvi nyingi kuliko maji ya udongo, na maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi zaidi, jambo ambalo wanasayansi huliita osmosi. Maji ya udongo yanapokolea chumvi, tofauti hiyo hupungua, mmea hutumia nguvu nyingi kunywa kidogo, na hukaa na kiu ndani ya udongo uliolowa. Sodiamu ikizidi huunguza kingo za majani, na katika udongo wa mfinyanzi huziba matundu ambamo hewa na maji hupita. Magadi nayo huuzuia mmea kuchukua chuma, hata majani machanga yakawa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima huona rangi hiyo akadhani ni ugonjwa, akanunua dawa isiyohusika.

Wataalamu hupima chumvi kwa namna maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, na maji ya juu ya Kivu huwa karibu 1.2. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 1985 unaeleza kwamba maharage na karoti huanza kupungua mavuno udongo ukifika 1.0, kitunguu 1.2, kabichi 1.8 na nyanya 2.5, na kwamba kila kipimo kimoja kinachozidi hapo huondoa asilimia 19 ya mavuno ya maharage. Kwa kuwa udongo unaomwagiliwa kwa kawaida hufikia mara moja na nusu ya chumvi ya maji yake, maharage yanayolelewa kwa maji ya ziwa peke yake yanaweza kupoteza karibu asilimia 15 bila jani lolote kukauka, wakati nyanya zilizo tuta la jirani hazidhuriki. Wakulima wa mpunga wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, ambao mabonde yao yameingiwa na bahari, huiona hasara yao kwa macho; ya Minova hujificha ndani ya gunia lisilojaa.

Mvua, inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, ndiyo inayoyaokoa mashamba haya, kwa kuwa huyasukuma madini chini ya mizizi. Hatari ipo katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, msimu uleule ambao mboga huadimika na bei kupanda, kwa sababu lita 5 za maji ya ziwa kila siku kwa kila mita ya mraba, kwa siku 90, huleta karibu nusu kilo ya madini katika mita hiyo, hata kama sehemu ya bikaboneti hugeuka gesi na kupotea hewani. Inafaa maji ya vijito vya milimani yatengewe maharage, karoti na vitunguu, ya ziwa yapewe nyanya, umwagiliaji uwe wa kulowesha kwa kina badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, udongo ufunikwe kwa majani makavu, na samadi itumike badala ya jivu, ambalo huongeza magadi juu ya magadi.

Swali zito zaidi liko chini ya ziwa, ambako lita moja hubeba hadi gramu 6 za madini pamoja na gesi ya methani. Rwanda huivuna gesi hiyo katika mradi wa KivuWatt, kwa kanuni ya kuyarudisha kwenye kina maji yanayopandishwa, yasije yakachanganyika na ya juu, na Kongo ilitangaza zabuni ya vitalu 3 vya gesi upande wake Julai 2022. Kabla ya mtambo wowote kuanza kazi karibu na fukwe za Kalehe, vyama vya wakulima vidai kipimo cha chumvi ya maji ya juu kichukuliwe na kutangazwa hadharani, kwa sababu kwa maharage kipimo hicho tayari kimevuka mpaka.