Siri ya Mchuma Chai Si Mali ya Kugawa Ovyo

Mjadala kuhusu kumbukumbu za afya za wananchi umekuwa ukiendeshwa kana kwamba ni jambo la Nairobi na Washington tu. Mimi naona ungefaa kuanzia Kericho na Bomet, ambako mwenye shamba la chai ndiye mwajiri, ndiye mwenye nyumba na, aghalabu, ndiye mwenye zahanati.

Huenda wanafunzi wa jiografia hawajui kwamba hospitali ya mashamba hayo imechangia pakubwa elimu ya dunia. Tangu miaka ya sitini, wagonjwa wa malaria waliolazwa humo walihesabiwa na hesabu ikahifadhiwa. Mnamo 2002 wataalamu waliochunguza Kericho, Kabale ya Uganda na sehemu nyingine mbili za nyanda za juu waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko la hali ya hewa la kueleza kuzidi kwa malaria. Mnamo 2006 wenzao walipima upya, wakasema joto lilikuwa limepanda. Ubishi huo ulizaa maarifa, nao ulihitaji hesabu ya wagonjwa. Jina la mtu halikuhitajika hata kidogo.

Ukimwi, ambao nao ulichunguzwa miongoni mwa wafanyakazi wa chai wa Kericho kuanzia 2003, una uzito tofauti. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, lakini mchumaji humfichulia daktari, si msimamizi wa shamba! Karatasi ikivuka kutoka meza moja hadi nyingine, kibarua na nyumba vyaweza kwenda kwa siku moja.

Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 yaitambua data ya afya kuwa rasilimali ya taifa. Yataka igawanywe ili kusaidia maamuzi, na papo hapo yataka faragha ilindwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo yaihesabu kuwa data nyeti. Hata hivyo, Desemba 2025 serikali ilitia sahihi mkataba wa afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kipengele cha kupeleka data hiyo nje, baada ya watetezi wa wanunuzi kulalamika.

Siwaungi mkono wanaotaka kila daftari lifungiwe kabatini, malaria ingetushinda. Lakini neno "rasilimali" lanitia wasiwasi, kwani chai pia ni rasilimali, na mchumaji ajua fika jinsi thamani yake inavyokua ikishavuka bahari. Anayepokea hesabu zetu na arudishe matokeo zahanatini zilikotoka. Na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na Kikipsigis, na Ekegusii kwa waliotoka Kisii, isomwe kwa sauti kabla mchumaji hajaweka kidole gumba. Walimu wa lugha tunao wa kutosha kuifanya kazi hiyo.