Iftin: Kuhesabiwa Kusiwe Kushukiwa

Kwa Kisomali, iftin ni nuru. Ndilo jina la wadi mojawapo ya mji wa Garissa, kando ya Mto Tana. Lakini nionavyo mimi, nuru ya haki imechelewa kuwafikia wakazi wa mji huo, na dalili yake ni namna walivyozoea kuhesabiwa.

Enzi ya ukoloni, kuingia au kutoka katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kulihitaji kibali. Baada ya uhuru, sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini humo uliteketezwa. Mwaka 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa na kupewa kadi za pekee. Je, aliyehesabiwa ili ashukiwe ataipokeaje karatasi ya sensa?

Mwaka 2010, waziri alitangaza kuyafuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, Lagdera ikiwamo. Sensa ya 2019 iliandika watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa. Tarakimu hizi si pambo. Kwazo hugawanywa fedha za kaunti na kuchorwa mipaka ya maeneo bunge. Zikikosewa, zahanati na visima hupotea.

Basi serikali ihesabu kwa haki, na wananchi waseme kweli. Anayezidisha idadi humpunja jirani. Anayepunguzwa hupunjwa yeye na watoto wake.