Tumevuna: Je, Tunashukuru Namna Gani?



Mwisho wa mwaka 2022 nilikuwa kwa mkutano wa kikundi cha akina mama huku Trans Nzoia. Mahindi yamejaa uwanjani, chai ina maziwa. Mama mmoja akaombwa kufunga kwa sala. Akasema, "Asante Mungu, sisi hukutuacha kama wale ndugu zetu wa Turkana." Sote tukaitikia, "Amina." Hata mimi niliitikia. Lakini usiku ule sala hiyo ilininyima usingizi.

Kwa nini? Kaskazini mwa Kenya mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020. Nchini mwetu mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Na kutoka Kitale hadi Lodwar ni barabara moja tu, unapitia Kapenguria. Huko wako Wakristo wanaosali Rozari ile ile tunayosali sisi. Tena waliomba mvua kutushinda. Je, Mungu aliwaacha? Hapana. Mavuno si mshahara wa imani.

Shukrani za aina mbili

Katika Luka 18:9-14, Farisayo alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Alishukuru, si ndiyo? Lakini shukrani yake ilimkanyaga mwenzake, na Yesu hakuisifu.

Aina ya pili iko katika Matendo 11:27-30. Waumini wa Antiokia walipopata habari ya njaa, kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka Yudea kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Baadaye Paulo aliwaeleza Wakorinto (2 Kor 8:13-15) kwamba hataki wao wateseke ili wengine wastarehe. Anataka wingi wa hawa ujaze upungufu wa wale, na siku nyingine wale nao wawafae hawa. Basi usione haya kula ugali ukashiba. Shukuru, ule, halafu umkumbuke mwenzako. Hata huku kwetu, viwavijeshi vamizi viliingia mashambani mwaka 2017. Leo ni wao, kesho ni sisi.

Kikundi kifanye nini?

1. Kubalianeni mapema. Amueni fungu la shukrani kabla ya kuvuna, maana mahindi yakishaingia stoo kila mtu ana shida zake. Wanachama 20 wakitoa gorogoro 2 kila mmoja, ni gorogoro 40, yaani kama gunia moja la kilo 90. Katibu aandike kila kitu kwa daftari.

2. Toeni yaliyo mema. Mahindi yenye kuvu yanaua. Mwaka 2004 huko Ukambani na sehemu za jirani watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu. Pimeni hivi: tieni mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikiseni, ngojeni dakika 15. Chumvi ikigandama kwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudisheni juani. Na yale usiyoweza kumpikia mtoto wako, usimpe ndugu yako.

3. Anzeni na jirani. Kuna mjane, kuna mgonjwa, hapo hapo kijijini. Kwa walio mbali, nauli ya gunia ni kubwa. Ni afadhali kuuza, na pesa zipelekwe kupitia parokia hadi ofisi ya Caritas ya jimbo. Daini risiti, na isomwe mbele ya wote.

Mkutano uliofuata niliwaambia akina mama wale yaliyonisumbua. Kukawa kimya. Kisha yule yule mama aliyesali akainuka, akaleta gorogoro yake, akasema, "Basi tupime." Jioni tulikuwa na gunia moja na kidogo juu. Safari hii sala yake ilikuwa fupi: alishukuru kwa chakula, akawaombea wa Turkana kama mtu anavyowaombea watu wa nyumbani kwake.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Maswali ya kujadiliana

- Tunapomshukuru Mungu, huwa tunajilinganisha na nani?
- Nani karibu nasi hakuvuna msimu huu?
- Fungu letu la shukrani litakuwa kiasi gani, na nani atalitunza?