Istilahi za Kukana Kosa la Barabarani

Makala haya yanakusudia kufafanua istilahi chache zinazotumika pale dereva anapotuhumiwa kupita katika njia isiyomhusu, naye akataka kuikana tuhuma hiyo. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini tangu Bunge lilipopitisha mwaka 2021 marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno lililoteuliwa vibaya laweza kumgharimu mwananchi fedha yake, na pengine haki yake.

Tuchukue mfano wa dereva wa Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Kibondo kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Kakonko. Nyumbani husema Kiha. Kiswahili alikipata shuleni na sokoni, naye hulipokea neno la serikali kama lilivyoandikwa. Kwao barabara ni moja kwa wote: lori, pikipiki, baiskeli na mwenda kwa miguu. Siku anapoingia Dar es Salaam hukuta katikati ya Barabara ya Morogoro njia iliyotengwa kwa ajili ya Mabasi Yaendayo Haraka, ambayo huduma yake ilianza Mei 2016. Akiingia humo, askari humwandikia. Je, karatasi aliyoandikiwa iitweje?

(a) Jina la karatasi
Wapo wafasiri wanaoiita "tiketi". Neno hilo halifai, kwani kwetu tiketi hununuliwa na msafiri kwa hiari yake. Wengi zaidi husema "faini". Hili nalo lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu faini ni adhabu, na adhabu hufuata hatia. Anayeambiwa "umeandikiwa faini" huona shauri limekwisha. Kumbe Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humruhusu askari kumwandikia dereva taarifa ya kosa; dereva anayekubali hulipa faini iliyowekwa bila ya kufikishwa mahakamani, na asiyekubali shauri lake husikilizwa na hakimu. Kwa hiyo twapendekeza "taarifa ya kosa" kwa karatasi, na "faini" kwa fedha peke yake. Mwaka 2021, kwa mfano, faini ya pikipiki ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kilichopunguzwa ni fedha, si karatasi.

(b) Tuhuma, shtaka na hatia
Maneno haya ni ngazi tatu, wala hayabadilishani nafasi. Tuhuma ni dhana ya askari kwamba kosa limetendeka. Shtaka ni tuhuma iliyowekwa mbele ya mahakama kwa maandishi. Hatia ni hali inayothibitishwa na mahakama, au inayokubaliwa na mshtakiwa mwenyewe. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitika. Mtumishi anayeandika "mkosaji" mahali pa "mtuhumiwa" amekwisha kuhukumu kwa kalamu.

(c) Kukiri, kukana na kukata rufaa
Mshtakiwa anaposomewa shtaka huulizwa kama ni kweli au si kweli. Akikubali, amekiri, akikataa, amekana. Akikana, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha. Yeye hujitetea baadaye. Kukata rufaa ni hatua nyingine kabisa, nayo haiwezekani kabla ya hukumu. Hivyo si sahihi kusema kwamba dereva "amekata rufaa" dhidi ya taarifa ya askari. Neno "kupinga" tunalikubali katika mazungumzo, lakini katika hati yafaa kuandika "kukana", kwa kuwa mtu hupinga mambo mengi, hata hukumu yenyewe.

(d) Jina la njia
Wananchi wameyaita mabasi hayo "mwendokasi", na jina limeshika. Hatuna ugomvi nalo. Hata hivyo, neno hilohilo hutumika kwa kosa la kuendesha kupita kiwango kilichowekwa. Taarifa inayosema "kosa la mwendokasi" yaweza kumaanisha mambo mawili, na utetezi wa kila moja ni tofauti: katika la kwanza mshtakiwa huulizwa alikuwa wapi, katika la pili huulizwa alikwenda kasi gani. Twashauri kuandika "kuendesha gari katika njia ya mabasi" na "kuzidisha mwendo".

Marekani iko njia ya namna nyingine, ambayo haitazami aina ya gari bali idadi ya waliomo. Gari dogo lenye watu wawili au watatu huruhusiwa, la dereva peke yake hukatazwa. Mfasiri asiiite "njia ya mabasi". Twapendekeza "njia ya magari yenye abiria".

Katika njia ya aina hiyo lilizuka shauri lenye fundisho kwetu. Jonathan Frieman wa California aliandikiwa kwa kuendesha peke yake. Mwaka 2013 alijitetea mahakamani kwamba alikuwa na mwenziwe, yaani hati za kampuni zilizokuwa kitini, kwa kuwa sheria huihesabu kampuni kuwa mtu. Mahakama ilimkatalia: njia iliwekwa ili kupunguza msongamano, na karatasi hazipunguzi msongamano. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria nayo huliweka shirika katika maana ya "mtu". Basi mfasiri akikuta neno hilo, aulize kwanza: ni mtu wa mwili, au wa kisheria? Pale penye viti na mikanda, neno "abiria" humwondolea msomaji shaka.

Twawasihi walimu wazisomeshe tofauti hizi, na watumishi wazizingatie wanapochapisha fomu. Dereva wa Nyabibuye ana haki ya kujua, kabla hajatia sahihi, kama anapokea habari au anakiri kosa.