Binti anataka kuwa mwalimu: njia ni ipi?



Kila mara matokeo ya Exetat yanapotoka, wamama wananiuliza: "Mwalimu, binti yangu amepata diploma. Sasa anaweza kufundisha?" Jibu linategemea seksio aliyosoma. Tulijue mbele ya kuuza mbuzi ao mifuko ya viazi kwa ajili ya minervali.

Njia fupi ni seksio ya Pedagojia. Mtoto anaiingia akimaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, anaisoma miaka 4. Anafundishwa namna mtoto anavyojifunza na namna ya kutayarisha somo. Anafanya staji pia: anasimama mbele ya darasa, mwalimu mwenyewe anakaa nyuma akiandika makosa. Akipata 50% ao zaidi kwenye Exetat, anabeba diploma ya Serikali, ile tunaita D6, na anaweza kufundisha primeri. Binti aliyesoma Ushonaji ao Sosiali ana diploma pia, lakini kazi hii hakufundishwa.

Anayetaka kufundisha sekondari anaendelea ISP, kama ile ya Goma. Zamani gradua ilikuwa miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Wa gradua alifundisha mwaka wa 7 na wa 8. Wa lisansi alipanda mpaka mwaka wa mwisho. Tangu 2021-2022 tuko katika LMD: lisansi sasa ni miaka 3, masta ni 2. Kwa hiyo msilinganishe: lisansi ya shangazi ilikuwa miaka 5, ya binti ni 3.

Aliyesoma universite bila pedagojia, naye akitaka kufundisha sekondari, anaongeza agregasio.

Sasa jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wamechelewa. Diploma inafungua mlango wa darasa; mlango wa mshahara unafunguliwa na matrikule, inayoshughulikiwa na DINACOPE, zamani SECOPE. Mwalimu mpya wa primeri aliishi kwa mchango wa wazazi akiingoja. Tangu Septemba 2019 primeri ya Serikali ni bure. Ni faida kwa watoto wetu, lakini asiye na matrikule anafundisha mikono mitupu. Mbele binti hajakubali nafasi, aulize mkubwa wa shule: nafasi hii inalipwa na Serikali, ao ni ya kungoja?

Na makaratasi! Hapa kwetu tunakimbia bila kupewa saa. Bulletin za miaka miwili ya mwisho na diploma ziwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki, karibu na mlango. Kopi ikae kwa ndugu wa mbali.

Wamama wa AVEC, tukigawana akiba, tuhesabu miaka yote 3, si mwaka wa kwanza tu. Binti anayesimamia katikati harudi na lisansi, na mbuzi amekwisha kwenda.