Mtoto Asiyekua: Tezi ya Shingo na Chumvi ya Nyumbani

Pengine katika kijiji chako yuko mtoto wa namna hii. Ana miaka 7, lakini kimo chake ni cha mtoto wa miaka 3. Uso wake umevimba, ngozi yake ni kavu, ulimi wake ni mkubwa. Anasema maneno machache, au hasemi kabisa. Wenzake wanakwenda shuleni, yeye anabaki mlangoni pamoja na bibi yake.

Watu wanasema nini juu yake? Wengine wanasema, amelogwa. Wengine wanasema, mama yake alivunja mwiko wakati wa mimba. Pengine hata ndugu wa kanisa wananong'ona kwamba wazazi wake walitenda dhambi ya siri. Wanafunzi wa Bwana Yesu nao waliuliza hivyo habari za yule kipofu, na Bwana aliyakataa maneno yao. Basi, acha kunong'ona, ujifunze. Ugonjwa huu unajulikana, sababu yake inajulikana, na njia ya kuuzuia inauzwa sokoni kwa bei ndogo.

Tezi ya shingo inafanya kazi gani?

Weka kidole mbele ya shingo yako, chini kidogo ya koo. Pale ndani kuna tezi ndogo, yenye umbo kama kipepeo aliyefungua mabawa. Wanganga wanaiita tiroidi. Tezi hii inatengeneza homoni. Homoni ni kama mjumbe: inatoka katika tezi, inasafiri katika damu, inafika kila mahali katika mwili na kutoa amri. Inaambia mifupa, "Kueni." Inaambia moyo, "Piga kwa nguvu." Inaambia ubongo wa mtoto, "Jijenge."

Mjumbe huyu asipofika, kazi yote inakwenda polepole. Mtu mzima anachoka, anasikia baridi, ngozi inakauka. Lakini kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake na akili yake vingali vinajengwa.

Ili tezi itengeneze homoni, inahitaji kitu kimoja kinachoitwa iodi. Mtu mzima anahitaji iodi kidogo sana kila siku. Ukikusanya yote anayohitaji katika maisha yake yote, miaka 70, haijazi kijiko cha chai. Hata hivyo, hicho kidogo kikikosekana, tezi inajitahidi na kujitahidi mpaka inavimba. Uvimbe huo unaitwa rovu. Ukiona wanawake wengi wenye rovu katika kijiji kimoja, ujue kwamba watoto wa kijiji hicho wako katika hatari.

Kwa nini iodi inakosekana?

Iodi nyingi iko baharini. Katika milima na nchi za mbali na bahari, mvua ya miaka mingi imeiosha na kuitoa katika udongo. Udongo usipokuwa na iodi, mahindi hayana, maharagwe hayana, mbuzi hana, na maziwa yake hayana. Ndiyo maana ugonjwa huu ulikuwa mwingi katika Kongo yetu: katika Kivu, katika Uele, na katika Ubangi. Lakini si Kongo tu. Watu wa milima ya Uswisi, huko Ulaya, waliteswa nao vilevile, mpaka walipoanza kutia iodi katika chumvi mwaka 1922. Basi huu si ugonjwa wa kabila fulani, wala si aibu ya mtu mweusi.

Habari ya kisiwa cha Idjwi

Katikati ya Ziwa Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 wanganga watafiti walikwenda kule. Walipima shingo za watu, wakapima damu na mkojo wao. Waliona jambo la ajabu. Upande wa kaskazini, watu wapata nusu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi, wenye rovu walikuwa wachache sana. Hata hivyo iodi ilikuwa haba pande zote mbili, sawasawa! Wanganga Delange, Thilly na Ermans walitangaza habari hiyo mwaka 1968.

Basi wakauliza, kaskazini kuna nini zaidi? Walitafuta katika chakula, wakaona neno la mihogo. Mihogo, hasa ile michungu, ina sumu ndani yake. Mwili unaigeuza sumu hiyo kuwa kitu kingine, na kitu hicho kinasimama mlangoni pa tezi na kuizuia iodi isiingie. Mtu mwenye iodi ya kutosha hadhuriki sana kwa njia hii. Lakini mtu mwenye iodi haba ananyang'anywa hata ile kidogo aliyo nayo.

Usikose kufahamu. Hatusemi, "Acha mihogo." Mihogo imetulisha sisi na baba zetu. Tunasema, tengeneza mihogo vizuri.

Wakati gani mtoto anahitaji msaada?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanangoja mtoto azaliwe, wanangoja atembee, wanangoja aseme. Lakini ubongo unaanza kujengwa tangu tumboni. Katika miezi ya kwanza ya mimba tezi ya mtoto haijaanza kazi. Mtoto anatumia homoni ya mama yake. Mama akikosa, mtoto amekosa.

Wanganga walihakikisha jambo hili mbali na kwetu, katika milima ya nchi inayoitwa leo Papua New Guinea, ambako rovu ilikuwa nyingi kama kwetu. Mwaka 1966 walichagua jamaa kwa zamu: jamaa moja ilipigwa sindano ya mafuta yenye iodi, jamaa iliyofuata ilipigwa sindano ya maji ya chumvi tu. Kisha waliangalia watoto waliozaliwa. Mwaka 1971 walitangaza hesabu. Kwa wale wasiopata iodi, watoto 26 walizaliwa na ugonjwa huu. Kwa wale waliopata iodi, watoto 7 tu. Na katika hao 7, mama 6 walikuwa wameshika mimba tayari siku ya sindano.

Soma hesabu hiyo mara ya pili. Msaada ulikuwa mzuri, lakini kwa mama wale 6 ulikuja kwa kuchelewa. Kwa hiyo chumvi yenye iodi si dawa ya kungojea ugonjwa. Ni chakula cha kila siku cha msichana, cha bibi arusi, cha mama mwenye mimba, na cha mama anayenyonyesha.

Mtoto mchanga anaonyesha dalili gani?

Tena wako watoto wachache wanaozaliwa bila tezi, au na tezi isiyofanya kazi, hata kama mama alikula chumvi nzuri. Mama, mwangalie mtoto wako katika juma za kwanza. Dalili ni hizi:

1. Analala sana, halii sana, na mama wanamsifu kwamba ni mtulivu.
2. Ananyonya kwa uvivu na kuchoka upesi.
3. Macho na ngozi vinabaki na rangi ya manjano zaidi ya juma mbili.
4. Hapati choo vizuri.
5. Sauti ya kilio chake ni nzito, ulimi ni mkubwa, kitovu kinatokeza.
6. Ngozi yake ni baridi na kavu.

Dalili hizi zinaweza kutoka kwa magonjwa mengine pia. Kwa hiyo usihukumu mwenyewe. Mpeleke hospitali. Katika nchi nyingi wanganga wanachukua tone la damu katika kisigino cha kila mtoto mchanga ili kuijua homoni yake. Akionekana na upungufu, anapewa kidonge kidogo kila siku. Akianza katika juma mbili za kwanza, anaweza kukua na kusoma kama wenzake. Akianza baada ya miaka, kimo chake kitaongezeka, ngozi itapona, lakini akili iliyopotea hairudi yote. Dawa inaweza kurefusha mifupa. Haiwezi kurudisha siku.

Fahamu pia kwamba si kila mtoto mfupi ana ugonjwa huu. Mwingine ni mfupi kwa sababu wazazi wake ni wafupi. Mwingine amekosa chakula chenye nguvu, au ana minyoo, au ugonjwa wa muda mrefu. Munganga atachagua.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Nunua chumvi yenye iodi tu. Tazama maandishi ya mfuko. Tangu miaka ya 1990 chumvi hii imeenea sana katika Kongo, na rovu imepungua. Lakini chumvi isiyo na iodi ingali inauzwa mahali pengine.
2. Itunze katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moto na maji. Usiioshe.
3. Itie katika chungu karibu na mwisho wa kupika.
4. Usizidishe chumvi. Chumvi nyingi inadhuru moyo na damu. Ni kipimo kilekile cha kila siku, ila iwe na iodi.
5. Menya mihogo michungu, iloweke katika maji siku 3 au 4, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa. Usifupishe siku hizo hata wakati wa njaa. Sombe itwange vizuri na kuichemsha sana.
6. Mtoto akipewa kidonge, usimkatize kwa sababu ameonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu ya kidonge.

Na yule mtoto anayekaa mlangoni? Mpeleke kwa munganga, hata kama miaka imepita. Halafu mfundishe kazi anayoweza, mwite kwa jina lake, umwache akae pamoja na wengine. Usimwambie mama yake maneno ya uchungu. Mpe chumvi nzuri, ili mtoto atakayefuata azaliwe mzima.

Maulizo ya kujijaribu

Tezi ya shingo inafanya kazi gani? Kwa nini iodi ni haba milimani? Kwa nini tunaloweka mihogo michungu? Mama aanze lini kula chumvi yenye iodi? Na leo, chumvi iliyo katika nyumba yako ni ya namna gani? Nenda ukatazame.