Dawa Isikatike Njiani

Vita vinapouingia mji, majeruhi wa kwanza kukumbukwa ni yule aliyepigwa risasi. Hubebwa kwa machela, hufungwa jeraha, na jina lake huandikwa daftarini. Yuko mwingine asiye na damu wala bendeji, naye aghalabu hupita siku nyingi bila ya kushughulikiwa. Ni mgonjwa wa akili, au wa kifafa, aliyekuwa akitumia dawa kila siku. Alikimbia na nguo alizovaa, vidonge vyake vikabaki chini ya mto.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mlango wa Mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, yayajua mambo hayo. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020, na hospitali yake ikaharibiwa. Ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu wakatokomea maporini, wengine wakakusanyika Quitunda, wengine wakashika njia ya miguu kwenda Nangade na Mueda, na wengine wakasafiri baharini hadi Pemba. Mwishoni mwa 2022 waliokuwa wamehama makwao katika jimbo zima walifikia kama milioni moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa katika sehemu zenye vita mtu 1 kati ya 5 ana maradhi ya akili, yawe mepesi au mazito. Askari anayesimamia kizuizi cha barabarani hana budi kukutana nao, atake asitake.

Madaktari bingwa wa maradhi ya akili ni wachache mno Msumbiji. Ndiyo sababu tangu 1996 nchi hiyo imekuwa ikifundisha matabibu wasaidizi wa maradhi hayo, watu ambao si madaktari lakini wana ruhusa ya kumpima mgonjwa, kumwandikia dawa na kumfuatilia. Hao, pamoja na wauguzi, ndio wenye kubeba mzigo wilayani. Wagonjwa wa kifafa pia huwaendea wao.

Dawa zenyewe si ngeni. Klopromazini ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952, na haloperido ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Zote mbili zingali zatumika. Ugumu upo katika kuziendeleza. Mgonjwa aliyekuwa akisikia sauti zisizosikiwa na wenziwe hutulia, hulala, hurudi kuvua samaki, kisha hujiambia kuwa amepona na dawa haina kazi tena. Utaratibu wa tiba wataka, baada ya ugonjwa wa mara ya kwanza wa namna hiyo kutulia, dawa iendelee kwa muda usiopungua miezi 12. Dawa za sonona zina mtihani mwingine: hukawia majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na mgonjwa asiyeelezwa hivyo huzitupa katika juma la pili. Fenobabito ya kifafa ndiyo isiyo na msamaha hata kidogo. Ikikatwa ghafla, degedege huweza kurudi kwa kufuatana, na mtu akafa.

Kwa hiyo muuguzi hafanyi kazi ya kugawa vidonge tu. Huuliza habari za usingizi, za choo, za hamu ya kula. Humtafuta mke, mama au kaka atakayeshuhudia dawa ikimezwa. Huzungumza na mgonjwa kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili, kwani maelezo yaliyotolewa kwa Kireno kwa mtu asiyekijua ni sawa na kutotolewa. Familia ikitaka pia kumnywesha kombe, au kumwendea mganga, muuguzi mwenye busara hagombani nayo. Huomba tu kwamba mgonjwa asifungwe kamba, asinyimwe chakula, na kidonge kisiachwe.

Hapa twataka ndugu zetu askari na polisi watusikilize vizuri. Haloperido, hasa kwa vijana wa kiume na hasa katika siku za kwanza, huweza kukaza misuli ghafla: shingo ikapinda, macho yakatazama juu, ulimi ukawa mzito. Watazamaji husema jini limepanda. Muuguzi hutoa dawa ya kuilegeza misuli, na hali hiyo huondoka upesi. Wako wengine ambao dawa huwatetemesha mikono, au huwafanya uso usioonyesha furaha wala hofu. Wengine hawawezi kutulia mahali pamoja. Huenda na kurudi, wakibadilisha mguu huu na huu. Mtu wa namna hiyo akifika kizuizini usiku, akaamriwa kusimama, akachelewa kujibu, aweza kudhaniwa mlevi, au mpelelezi, au jambo baya zaidi. Yafaa kamanda wa kizuizi awaeleze askari wake mambo hayo kabla ya zamu. Tena vidonge vinavyokutwa katika kikaratasi mfukoni visimwagwe. Katika zahanati nyingi dawa hufungwa katika kikaratasi hivyo hivyo.

Askari naye ni binadamu. Aliyezika wenzake, au aliyekosa usingizi mwezi mzima, ana haki ya kumwona muuguzi bila ya kuchekwa kikosini. Si kila huzuni huhitaji kidonge. Diazepamu, ambayo baadhi ya watu huiomba ili walale, haifai kuwa tiba ya majonzi, na mwili huizoea upesi. Mwenye kuandikiwa dawa iletayo usingizi amwambie daktari wa kikosi kabla ya kushika lindo na silaha, wala asiichanganye na pombe, wala asimgawie rafiki.

Mvua hunyesha pwani hiyo tangu Desemba hadi Aprili, na barabara za udongo hukatika. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 na Chido cha Desemba 2024 viliingia katika miezi hiyo hiyo. Kabla ya masika mgonjwa yafaa apewe akiba ya kutosha, isipokuwa yule aliyewahi kufikiria kujiua, ambaye dawa zake hushikwa na ndugu yake. Kadi yenye jina la dawa na kipimo chake hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, isilowe mashuani. Msafara wa magari unaopeleka chakula na risasi mbele una nafasi ya boksi moja la fenobabito.